Surba ya Kumi

Alfajiri hapa Nchiru, umande ukiwa bado kwenye nyasi, mzee anavua viatu chini ya mti wa miraa. Hapandi mara moja. Anauzunguka kwanza, ameinua uso, akitazama machipukizi: mekundu yamefika, ya kijani yaachwe.

Anaanza na yanayofikiwa akiwa chini. Gumba na kidole cha shahada vinashika kijiti karibu na shina lake, kiganja kinageuka kidogo, kijiti kinaachia bila kuchuna gome. Majani makubwa anayapukusa kwa mvuto mmoja. Ncha laini anaibakisha. Surba mbili, yaani mafungu madogo mawili ya vijiti, zimetimia kabla jua halijagusa bati la jikoni.

Kisha anapanda. Mti umepogolewa miaka mingi, ukawa mfupi wenye matawi tele, lakini kila hatua ina bei yake. Surba ya tatu na ya nne zinatoka kwenye matawi manene. Ya saba inamlazimu kulijaribu tawi kwa unyayo, atulie, asikilize kama linalia, ndipo anyooshe mkono. Muda uliompa surba mbili sasa haumpi hata moja. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, papa hapa Nchiru, mwalimu wa uchumi angelichora jambo hili kwa mstari unaozidi kuinuka. Mzee analipima kwa kisigino.

Kijana wake angependa kupanda pia, wawahi. Nimeona kwa nini anakatazwa: watu wawili kwenye mti mmoja hutikisiana matawi, kila mmoja akimngoja mwenzake atulie.

Si kwamba kileleni hakupandwi kamwe. Kiangazi, miraa ikiadimika na bei ikipaa, tawi la juu hulipa. Bei ikianguka, kama baada ya Uingereza kupiga marufuku miraa mwaka 2014, jasho la huko juu hupotea bure.

Anashuka, anakaa juu ya gunia. Hapa ndipo mikono yake inanishangaza zaidi. Anagongesha vijiti gotini mpaka vitako vilingane, anavizungushia kamba iliyochanwa kutoka ganda kavu la mgomba, anakaza kwa meno, anasawazisha kwa kisu. Hakuna kijiti kilichovunjika. Surba kumi hufanya bunda, naye ana tisa na konzi moja.

"Baba, nipande nimalizie?"

Mzee anatazama juu. Vijiti vipo, vizuri kabisa, kwenye matawi membamba kama kidole.

"Acha. Hivyo ni vya mchumo ujao."

Anazifunika zile tisa kwa jani bichi la mgomba, kwa sababu miraa ikinyauka nguvu yake hutoka. Leo zitauzwa moja moja. Konzi iliyobaki anampa mwenye bodaboda aliyekuja kuzichukua, kisha anarudi kuokota viatu vyake.