Sifa za Kupanga Mti

Faili bapa la XML halisemi uongo, ila linajirudia. Chukua orodha ya shule: kila ingizo linataja mkoa, wilaya, kata, kisha jina la shule. Kilimanjaro inaandikwa, inaandikwa tena, na ukishuka chini unaikuta ingali inaandikwa. Habari zote zimo, lakini nani yuko chini ya nani ni juu ya msomaji kubaini. Fundi wa programu humpunguzia kazi hiyo: mkoa unakuwa tawi, wilaya na kata vitawi, shule majani, kila jina linatajwa mara moja, mahali pake.

XSLT, lugha ya kugeuza XML, ilipotoka mwaka 1999 haikuwa na amri ya kupanga makundi. Steve Muench wa Oracle akaeneza mbinu ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Maingizo yote huwekewa faharasa kwa jina la mkoa, kisha kila moja huulizwa: je, wewe ndilo la kwanza katika kundi lako? Likiwa ndilo, linafungua tawi, na mengine yanaitwa chini yake. Swali fupi, lakini linatosha kupata mikoa yote bila kuirudia. XSLT 2.0 ya mwaka 2007 ikaleta amri yake maalumu, for-each-group, na hila ile ikawa jambo la mstari mmoja.

Amri hiyo, hata hivyo, haifikirii kwa niaba ya mtu. Kuna kata ya Majengo Moshi, na Majengo nyingine Dodoma. Ukipanga kwa jina la kata peke yake, shule za miji miwili zitachanganyika bila programu kulalamika. Ndiyo maana hupangwa mkoa kwanza, ndani yake wilaya, ndipo kata. Na shule ambayo kipengele chake cha kata hakikuandikwa? Haiingii kundi lolote. Inatoweka kimya kimya.

Hapa ndipo ninapouheshimu ufundi huu. Unabadilisha sura yote ya data, ilhali hauna ruhusa ya kuongeza wala kupunguza shule hata moja. Fundi hodari akimaliza huhesabu: zilizoingia ngapi, zilizotoka ngapi? Idadi zikilingana, na kila Majengo ikiwa katika mkoa wake, ana haki ya kujivuna.