Sauti Gani Isikike? Filamu, VJ na Mwanafunzi wa Maliba

Wapo wanaodhani kwamba filamu ikishakuwa na picha safi na sauti za lugha kadhaa, mwalimu wa lugha amepunguziwa kazi. Katika makala haya tunadai kinyume: kazi imeongezeka, ila faida yake nayo imekua.

Tuanze na mazoea yetu. Katika vibanda vya video vya Uganda, wilaya ya Kasese ikiwemo, mtazamaji anamjua VJ, yaani mtu anayesimulia filamu ya kigeni juu ya sauti za wahusika, mara nyingi kwa Luganda. VJ hatafsiri tu. Hueleza, hutania na hushangilia. Hata filamu ya Wakaliga, Kampala, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ilienea duniani ikiwa na maneno ya VJ Emmie. Sanaa hii tunaiheshimu kwa kuwa ni jamaa ya utambaji wa hadithi, na mtambaji hakosi kutia chumvi. Kasoro yake darasani ni moja: sauti ya asili imefunikwa, na mwanafunzi hana cha kulinganisha.

Njia ya pili ni kuingiza sauti. Mwaka 2011 televisheni ya TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, wahusika wakisema Kiswahili. Hapa ndipo picha safi inapofichua ugumu. Mwigizaji akisema "Stop!" midomo hufungwa mwishoni. "Simama!" huishia kwa irabu, kinywa kikiwa wazi. Katika kanda za zamani tofauti hiyo haikuonekana sana. Katika picha ya mistari 1080 kila mdomo unaonekana. Mtafsiri hana budi kuchagua: afuate maana au afuate mdomo?

Mitambo si kisingizio. DVD moja hubeba hadi sauti 8 na maandishi ya lugha 32, na mtazamaji huhama kutoka lugha moja hadi nyingine kwa kubonyeza kitufe. Kinachokosekana ni Kiswahili kwenye orodha hiyo.

Je, kikiwekwa, kitakuwa Kiswahili cha nani? Bwera inapakana na Kongo, na ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe mtoto husikia "batoto" pale ambapo kitabu kinasema "watoto". Kiswahili kilitambuliwa katika Katiba ya Uganda mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Iwapo mwanafunzi wa Maliba atasikia sauti moja sanifu tu, anaweza kujifunza sarufi nzuri na papo hapo akajifunza kumdharau jirani yake wa Kasindi. Hasara hiyo hatuitaki.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi jepesi. Chagua dakika 3 za filamu. Zionyeshe kwanza kwa sauti ya asili, kisha kwa Kiswahili kama kipo, halafu zima sauti kabisa na umwache mwanafunzi awe VJ kwa Kiswahili anachokijua. Mwishoni darasa lijadili nini kimeongezwa, nini kimeachwa, na kwa nini. Hapo filamu itakuwa imefundisha.