7,254 kwa 6: Hesabu Moja, Maandishi Mawili Makere

Wape watoto wa darasa la tano hesabu hii: kilo 7,254 za maharage zigawanywe sawasawa kwenye maghala 6. Wapo watakaoandika 1,209, na wapo watakaoandika 129. Aliyewahi kufundisha hisabati shule ya msingi analifahamu hilo jibu la pili. Sifuri imepotea njiani. Mwalimu atatia alama ya kosa, atarudia ubaoni hatua zilezile, gawanya, zidisha, toa, shusha, na baada ya muda sifuri itapotea tena.

Mtoto wa 129 hakufanya uzembe. Alifika kwenye 5, akaona 6 haiingii, akashusha 4, akapata 54, akaandika 9. Hatua zote alizifuata. Alichokosa ni mazoea ya kulitazama jibu na kujiuliza kama linawezekana. Maghala sita yenye kilo 129 kila moja hayafikishi hata kilo 800. Zile elfu sita na ushei zimekwenda wapi? Swali hilo halimo kwenye hatua nne, na bila hilo hatua nne zinamfikisha popote.

Naipeleka hesabu hii Makere, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, kwa sababu huko kugawanya kunafundishwa kwa maandishi mawili, na wanaofundishwa ni majirani. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoko huko, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa makumi ya maelfu. Watoto wa kambini hawasomi mtaala wa Tanzania. Wakongo wamekuwa wakifuata mtaala wa Kongo na Warundi wa Burundi, ili siku wakirejea makwao masomo yao yatambulike. Mtoto Muha wa kijijini na mtoto Mrundi wanaelewana kwa lugha za nyumbani bila mkalimani, maana Kiha na Kirundi vinakaribiana mno. Mtoto wa Kongo naye anazungumza na yule wa kijijini kwa Kiswahili. Wakifungua madaftari ya hesabu ndipo wanapopotezana.

Shule ya Tanzania inaandika kugawanya kwa mtindo uliotoka Uingereza: 6 kushoto, 7,254 chini ya mstari, jibu juu yake. Kongo na Burundi walirithi mtindo wa Wabelgiji na Wafaransa: namba inayogawanywa kushoto, 6 kulia kwa mstari wa wima, jibu chini ya hiyo 6. Mtu anaweza kuona ni tofauti ya mwandiko tu, lakini kila mtindo unamwonyesha mtoto jambo ambalo mwenzake unalificha.

Katika mtindo wetu, kila tarakimu ya jibu inakaa juu ya nafasi yake: 1 juu ya maelfu, 2 juu ya mamia, 9 juu ya mamoja. Mtoto anayepanga safu zake vizuri ataona juu ya makumi pako wazi, na uwazi huo unadai sifuri. Anayeandika tarakimu zikiwa zimebanana hatauona. Katika mtindo wa Kifaransa jibu limekaa mbali na namba inayogawanywa, kwa hiyo hakuna safu ya kumwonya. Ndiyo maana mapokeo hayo yana hatua ya mwanzo ambayo sisi kwa kawaida tunairuka: kutafuta jibu litakuwa na tarakimu ngapi kabla ya kuanza kugawanya. Sita mara 1,000 ni 6,000, ndogo kuliko 7,254. Sita mara 10,000 ni 60,000, kubwa mno. Jibu basi lipo kati ya 1,000 na 10,000, lina tarakimu nne, na 129 imekataliwa kabla kalamu haijagusa hesabu yenyewe.

Kwa maoni yangu hatua hiyo ina thamani kuliko hatua nne zote, kwa sababu ni hoja. Mtoto anasema jibu haliwezi kuwa dogo kuliko hapa wala kubwa kuliko pale, na anatoa sababu. Ningependa kila mwalimu wa Kasulu na Kibondo aichukue kama ilivyo, na walimu wa kambini nao wachukue safu zetu.

Baada ya hapo ndipo kugawanya kwenyewe, na hapa neno “shusha” linaficha mengi. Elfu 7 zikigawanywa kwa 6, kila ghala linapata elfu moja na inabaki elfu moja. Hiyo iliyobaki inavunjwa kuwa mamia 10, kama muuza duka anavyovunja noti, yanaongezwa mamia 2 yaliyokuwapo, yanakuwa 12, kila ghala mamia 2. Makumi 5 hayatoshi kulipa kila ghala kumi moja, kwa hiyo makumi ni sifuri; yanavunjwa kuwa mamoja 50, na 4 yanakuwa 54, kila ghala 9. Mtoto aliyepita njia hii kwa mikono, kwa vijiti vilivyofungwa makumi makumi, anaiandika sifuri kwa sababu anajua inasema nini.

Sasa mwulize: mbona kujumlisha tunaanzia kulia na kugawanya tunaanzia kushoto? Hili ni swali la kumaliza kipindi kizima, na kipindi hicho hakitapotea. Mwache ajaribu kugawanya akianzia kulia, aone analazimika kurudi nyuma kila mara. Wakibishana vya kutosha watafika wenyewe: katika kujumlisha, kinachozidi husogea kushoto, mamoja 10 yakawa kumi; katika kugawanya, kinachobaki huvunjwa na kusogea kulia.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha sana nilipoifuatilia hesabu hii. Kwetu mkato hutenganisha maelfu na nukta huonyesha desimali. Kwa mapokeo ya Kifaransa mkato ndio desimali. Mwanafunzi wa kambini akiisoma 7,254 kama saba na sehemu 254 za elfu, akagawanya kwa 6, ataandika 1,209, na atakuwa amepata. Wote wawili wameandika alama zilezile, wote wako sahihi, na majibu yao yanatofautiana mara elfu. Waweke pamoja, wape kazi ya kueleza ilikuwaje, na hapo wanafikiri kihisabati kwelikweli.

Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu inatoa zoezi jingine la kukadiria. Iligawanywa vipande vinne vya ujenzi: kilomita 68.25, 70.5, 59.35 na 62.5. Kabla ya kujumlisha, jumla inaweza kuzidi 282? Haiwezi, maana kipande kirefu kuliko vyote ni 70.5, na mara nne ni 282. Inaweza kuwa chini ya 237? Nayo haiwezi, maana kifupi kuliko vyote ni 59.35. Jumla ni 260.6. Aliyekosea nukta akapata 2,606 atajikamata mwenyewe.

Hapa ndipo mtihani unapoingia. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulihamia kwenye maswali ya kuchagua, hisabati pia, na karatasi zikasahihishwa kwa mashine. Baadaye yakarudi maswali machache ya kuonyesha kazi. Sisemi swali la kuchagua ni baya moja kwa moja. Mtoto anayejua kukadiria analifaidi, kwa sababu anaondoa majibu yasiyowezekana. Ubaya wake ni kwamba mashine haioni kama aliondoa au alibahatisha, na mwalimu anayepimwa kwa matokeo ataacha kufundisha kisichoonekana. Na tatizo la hisabati haliishii shule ya msingi: kidato cha nne mwaka 2023, waliofaulu hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa.

Yote haya yanamtegemea mwalimu. Mtafiti Liping Ma, katika kitabu alichochapisha mwaka 1999, alilinganisha walimu wa Marekani na wa China walioombwa watunge hadithi ya 1¾ gawanya kwa ½. Karibu Wamarekani wote walishindwa. Wachina wengi waliweza. Wengi walioshindwa walitunga hadithi ya watu wawili wanaogawana, ambayo ni kugawanya kwa 2. Kigoma hadithi sahihi iko sokoni: lita 1¾ za mawese zinajaza chupa ngapi za nusu lita? Tatu na nusu. Jumuiya za ujifunzaji, zile ambazo walimu hukutana shuleni chini ya mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA), zinaweza kuanza na swali hilo moja na likawatosha.

Kisha kidato cha kwanza, lugha inageuka kuwa Kiingereza, na mtoto aliyekuwa akitetea hoja yake ananyamaza. Mradi wa vitabu vya kumsaidia mwanafunzi kilugha, ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Bristol, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulijaribu dawa ya wazi: sura za hisabati zenye Kiingereza chepesi, tafsiri za istilahi, na nafasi ya kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika. Kwa mtoto wa Makere ningeanza mapema zaidi, darasa la kwanza na la pili. Akikwama kwenye Kiswahili wakati anaeleza alivyogawa, aachwe aeleze kwa Kiha. Mwalimu asikilize kwanza kama hoja inasimama, maneno ya Kiswahili ampe baadaye.