Pai ya Maembe: Rojo Lishike Kabla ya Makaa

Pai ya maembe niliyoandaliwa Gazi msimu huu ilipaliwa makaa juu na chini kama mkate wa sinia, na ilipokatwa rojo lake halikutiririka. Jambo hilo linazishinda hata pai nyingi za oveni ya umeme. Naamini sababu ni moja: rojo liliiva na kushika sufuriani kabla halijatiwa kwenye ganda.

Embe bichi au bivu, zaidi ya asilimia 80 yake ni maji. Sukari huyatoa nje, na wanga ndio wa kuyashika, ila hauyashiki yakiwa baridi. Chembe zake huanza kuvimba joto likipita nyuzi 60 hivi, na wanga wa mahindi, yaani konfulawa, hautulii barabara mpaka rojo likaribie kuchemka. Sasa moto wa makaa juu ya kifuniko hulipa ganda rangi mapema, na katikati ya pai bado ni vuguvugu. Mpishi huona rangi, akaepua, kumbe ndani ni maji.

Mwenyeji wangu alikata maembe ya ngowe, yasiyo na nyuzi nyingi, akayatia sukari na kuyaacha yatoe maji. Maji yale aliyachuja, akayachemsha peke yake hadi yakapungua karibu nusu, ladha ikakolea. Kwa kilo moja ya maembe alikadiria vijiko vitatu vya mezani vya wanga, akavikoroga kwa maji baridi kwanza. Wanga mkavu ukitupwa kwenye kitu cha moto hufanya madonge: nje yameiva, ndani unga mtupu. Alimimina huku akikoroga, na rojo lilipoacha weupe likang'aa na kutokota, akaepua papo hapo, akarudishia maembe.

Wanga wenyewe ulikuwa wa muhogo mtamu: umekunwa, ukakamuliwa kwa kitambaa ndani ya maji, ukaachwa utuame, maji ya juu yakamwagwa na kubadilishwa mara kadhaa, kisha ukaanikwa juani. Huu si unga wa muhogo wa ugali. Unga ule una nyuzi na hulifanya rojo kuwa zito lenye chengachenga. Kwa maembe mimi nauchagua wanga wa muhogo kuliko konfulawa, kwa kuwa hautii ukungu kwenye rangi ya tunda. Aibu yake ni kwamba ukichemshwa mno huvutika kama ulimbo.

Ndimu aliikamua baada ya kuepua. Ukali ukichemka pamoja na wanga kwa muda mrefu huuvunja, na rojo lililokwisha kushika hulegea tena. Ukwaju nao ni hivyo hivyo.

Kisha alisubiri rojo lipoe, maana likitiwa moto huyeyusha siagi ya ganda, na chini ya pai hubaki mbichi. Nawe ukishaiepua pai yako, usiikate ingali moto. Wanga humaliza kushika unapopoa, kwa hiyo iache saa tatu au nne.