Kinyago cha Mpingo na Chungu cha Kisambaa: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Bidhaa za Ukumbusho Lushoto

Bidhaa za ukumbusho, yaani vinyago, vyungu, picha, vikapu na mavazi ambayo mgeni huyachukua yawe alama ya mahali alipofika, hupangiwa bei kwa mambo mawili yasiyohusiana: ubora wa kazi yenyewe na mahali inapouzwa. Duka lililomo ndani ya hoteli ya kitalii au jirani na lango la hifadhi ya taifa hulipa pango kubwa, na aghalabu humtengea dereva aliyeleta wageni “cha juu”, ambacho ni kamisheni isiyoandikwa popote, na gharama hizo zote humwangukia mnunuzi. Kwa hiyo kinyago cha aina ileile chaweza kupatikana kwa bei pungufu Lushoto, mji ulioko kilomita zipatazo 33 kutoka Mombo kwa barabara inayopanda Milima ya Usambara kupitia Soni, bila punguzo hilo kuwa dalili ya ughushi. Kinachoghushiwa zaidi ni maelezo yanayoambatana na bidhaa: kwamba ubao ni mpingo, kwamba kifaa ni cha kale, kwamba kazi ni ya Usambara.

Dai la mpingo ndilo linalostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndilo linalopandisha bei. Mpingo, ambao wanasayansi huuita Dalbergia melanoxylon, ni mti wa nyanda kavu za chini, hasa za kusini mwa Tanzania, na hauoti katika misitu yenye ukungu ya milimani; hivyo kinyago cha mpingo kilichopo Lushoto, hata kikiwa halali kabisa, kimetokana na mti uliokatwa mbali, na mara nyingi kimechongwa kwa mitindo ya Wamakonde, ambao kazi zao huuzwa kwa wingi Mwenge, Dar es Salaam. Muuzaji anayeapa kwamba mti huo ulikatwa katika msitu wa Magamba hapo jirani amekwisha kujieleza, na mnunuzi hana haja ya kuendelea kumhoji.

Kiini cha mpingo, yaani sehemu ya ndani ya shina, ni cheusi chenye wekundu wa zambarau au hudhurungi kinapotazamwa juani, ilhali sehemu ya nje iliyo chini ya gome ni nyembamba na ina rangi ya maziwa. Weusi uliolingana kila mahali kama makaa, usio na mshipa hata mmoja wa hudhurungi, unapaswa kutiliwa shaka, kwa sababu hivyo ndivyo unavyoonekana ubao laini uliopakwa rangi au kiwi ya viatu. Kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji na kusuguliwa chini ya kitako huondoka na rangi hiyo, isipokuwa pale ilipofunikwa kwa vanishi, na hapo ndipo uzito unapotoa hukumu: mpingo mkavu huwa na uzito unaofikia au kupita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hata kipande kidogo huzama majini, wakati mbao nyingi zinazotumiwa kuuigiza huelea. Muuzaji mwenye mali halali hakatai ndoo ya maji. Ukucha nao hauachi alama juu ya mpingo, bali huacha mfuo juu ya ubao laini, na mahali pa kujaribia ni kitakoni, pasipo na madhara kwa sura ya kazi.

Ubao kuwa halali hakuufanyi uchongaji kuwa mzuri, na huu ndio upande ambao wanunuzi wengi huupuuza. Katika kinyago cha ujamaa, mtindo unaoonyesha watu waliopandana na kushikana kama mnara, jicho lielekezwe ndani, kwenye nafasi zilizo kati ya miili, ambako msasa haufiki kwa urahisi: fundi stadi hukamilisha vidole, visigino na migongo iliyofichika, wakati mchongaji anayekimbizana na oda huacha humo alama za tindo na miguu isiyo na mwisho. Nyufa nazo zitafutwe kwa kufuata mshipa wa ubao, kwani mti uliochongwa kabla ya kukauka hupasuka baadaye, na ufa uliozibwa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mpingo hubaki kama mstari usio na mng’ao.

Anayetaka kazi ya Usambara yenyewe ni heri ageukie ufinyanzi, ambao kwa Wasambaa ni kazi ya wanawake tangu zamani. Chungu chao hujengwa kwa mkono bila gurudumu, kisha huchomwa kwenye moto wa wazi, na njia hiyo huacha ushahidi usioigika kwa urahisi. Vidole vikipitishwa ndani husikia mawimbi madogo ya udongo uliobanwa, na upande wa nje huwa na mabaka meusi mahali kuni zilipogusa. Mabaka hayo si kasoro, na chungu chenye wekundu mmoja usio na doa huenda kimepakwa rangi ili kimpendeze mgeni. Kikigongwa kwa kifundo cha kidole, chungu kizima hutoa sauti ya wazi, na chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Bidhaa nyingine hazihitaji maneno mengi. Picha yenye sahihi ya Edward Saidi Tingatinga na tarehe iliyo baada ya 1972 ni ya kughushi, kwa kuwa alifariki mwaka huo. Picha ya mfuasi wake iliyotiwa sahihi ya mfuasi mwenyewe ni mali ya heshima. Fulana yenye nembo ya hifadhi ikaguliwe tarizi yake kwa ndani, ambako nyuzi zilizolegea huonekana mapema. Vito vinavyosemwa vimetoka bonde la Umba, ambalo kweli lina yakuti za rangi nyingi, visinunuliwe mkononi mwa mpita njia, kwani kununua kito kisichopimwa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Dai la ukale ni hatari kwa pande zote mbili. Kifaa kilichofukizwa moshi au kufukiwa ardhini ili kionekane cha kale huwa na uchakavu ulioenea sawasawa, wakati matumizi ya kweli hulainisha mshikio na ukingo tu. Kikiwa cha kale kweli, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huzuia kisitolewe nchini bila kibali. Mpingo nao umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, ingawa vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za ubao kwa mzigo mmoja havidaiwi hati zake. Risiti ya duka, basi, itaje aina ya ubao, idadi ya vipande na kwamba kazi ni mpya.