Taa za Ukungu za Pikapu ya Qurayyat: Tafuta Upana, Si Umbali

Nchini Oman, barabara ya Al Amerat kwenda Qurayyat hupinda katikati ya milima mikavu kabla ya kuteremka pwani. Usiku, nje ya miji, dereva ana taa zake tu. Mbuzi wako kando ya lami, ngamia huvuka wanapotaka, na upepo ukivuma vumbi hutanda barabara nzima. Qurayyat ni mji wa wavuvi, na samaki wake husafiri kilomita 80 na kitu kufika Muscat. Si ajabu kwamba wenye pikapu hutamani taa za ukungu zenye nguvu zaidi. Kuziboresha kuna faida, mradi kufanywe kwa lengo lake: taa ya ukungu humwonyesha dereva kingo za barabara, haimwongezei umbali.

Tupige hesabu. Chukua pikapu ambayo taa zake za ukungu ziko sentimita 60 kutoka ardhini. Mwanga wake huinamishwa kiasi cha asilimia 2, yaani hushuka sentimita 2 kwa kila mita. Ukingo wake wa juu utagusa lami mita 30 mbele ya gari. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hupita karibu mita 28 kila sekunde. Dereva akihitaji sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki, na lami ikiwa kavu, mita 30 zinamtosha kusimama iwapo anakwenda kama kilomita 45 kwa saa. Kuongeza wati hakubadilishi hesabu hiyo.

Anayeinua taa ili mwanga ufike mbali huharibu pande mbili. Anayekuja mbele hupigwa machoni, na kwenye ukungu au vumbi mwanga huo hugonga chembe zilizo usawa wa macho na kumrudia dereva kama ukuta mweupe. Hata usiku usio na vumbi, lami ya karibu ikiangazwa kupita kiasi mboni za macho hubana, na kilichoko mbali gizani hakionekani tena. Dereva hujihisi anaona vizuri ilhali amepungukiwa.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye kioo cha taa. Taa hizi hukaa chini kwenye bampa, na mchanga na changarawe huzichuna. Kila mkwaruzo hutawanya mwanga juu, mahali usipotakiwa. Lenzi ya plastiki iliyofifia husuguliwa na kung'arishwa; kioo kilichotoboka vishimo hubadilishwa.

Hatua ya pili ni umeme, na hapa ndipo taa nyingi zinazosemwa zimechoka hufufuka. Washa injini na taa, kisha pima volti kwenye betri na kwenye soketi ya globu. Nguvu ya globu ya halojeni hushuka upesi kuliko volti: betri ikiwa na volti 13.5 na soketi ikipata 12.5, karibu robo ya mwanga imepotea njiani. Hewa ya chumvi ya pwani hula viungio vya nyaya, hasa pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi. Safisha chuma mpaka king'ae, funga upya, paka grisi. Globu mbili za wati 55 huvuta kama ampia 9. Zipewe nyaya nene za shaba kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi na rilei, ili swichi ndogo ya usukani isibebe mzigo wote.

Baada ya hapo ndipo swali la globu lije. Globu ya H11 ya wati 55 hutoa lumeni 1,350, na umbo la kiakisi kilicho nyuma yake limekokotolewa kufuata mahali hasa uzi wake unapowaka. Globu ya LED inayochomekwa kwenye soketi ileile ina vipande vya mwanga vilivyobandikwa pande mbili za kibao. Chanzo kikisogea hata milimita chache, ukingo wa juu wa mwanga huvurugika na mng'ao kupanda machoni mwa watu.

Kisha kuna joto. Tarehe 26 Juni 2018, halijoto ya Qurayyat haikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana, na mji ukaingia kwenye kumbukumbu za dunia kwa hilo. LED ikipata joto hupungua mwanga na umri, na feni ndogo ndani ya kasha lililozibwa, jirani na rejeta, haina hewa baridi ya kuvuta. Anayetaka LED anunue taa nzima iliyoundwa hivyo tangu mwanzo, yenye mgongo wa alumini wa kutawanya joto, alama ya E ndani ya duara, na herufi B au F3 zinazoonyesha kuwa imeidhinishwa kama taa ya ukungu ya mbele. Polisi ya Kifalme ya Oman ndiyo inayosajili na kukagua magari, basi swali kuhusu mabadiliko liulizwe kwao kabla ya fundi kushika bisibisi.

Kuhusu rangi, matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganishwa na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya njano na nyeupe karibu sawasawa. Njano haipenyi ukungu kwa nguvu ya pekee. Inachopunguza ni ubluu, ambao huchosha macho. Kati ya njano na nyeupe ya kibluu, ningechagua njano.

Hatua ya mwisho ni kupanga taa, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Egesha gari kwenye uwanja tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 20 chini ya usawa wa kitovu cha taa. Lakini usipange pikapu ikiwa tupu. Ikipakiwa samaki na barafu, nyuma huinama na pua huinuka. Nyuzi moja tu ya kuinuka ni karibu asilimia 1.75, yaani karibu mwinamo wote uliopangwa umefutwa. Pikapu inayosafiri imepakia ipangwe imepakia.

Ikikamilika, taa hii ina mahali pake: kona za milimani kwa mwendo mdogo, vumbi zito, mvua, na ukungu wa msimu wa kharifi kwa anayesafiri mpaka milima ya Dhofar. Kwenye barabara kuu usiku wenye anga safi izimwe, na umbali utafutwe kwenye taa kuu zilizo safi, zenye volti kamili na zilizopangwa. Ukungu au vumbi likimlazimisha dereva kuiwasha, mshale wa spidi nao urudi kwenye kilomita 45, kwa sababu huo ndio mwendo ambao mita 30 za mwanga zinaweza kuulinda.