Mzazi Mwenye Shughuli na Vitabu Vyake

Msomaji anayetajwa katika tahakiki za Kiswahili ni mtu mwenye bahati. Ana meza, ana taa, ana kalamu ya kupigia mistari, wala hana mtoto anayelia chumba cha pili. Husoma kitabu toka mwanzo hata mwisho, akarudia penye fumbo, akakilinganisha na kingine, kisha akatoa hukumu. Hapana ubaya katika msomaji huyo. Bila yeye vyuo visingekuwa na kazi. Lakini si yeye awafanyaye watoto waone ya kuwa kitabu ni kitu cha nyumbani kama sufuria na mkeka. Kazi hiyo, pale inapofanywa, hufanywa na mzazi aliyerudi jioni, akapika au akangoja kupikiwa, akatazama madaftari ya watoto, akabakiwa na nusu saa kabla ya usingizi kumshinda.

Mzazi huyo naye ana orodha yake ya vitabu, ijapokuwa aghalabu haikuandikwa popote. Baadhi alivisoma shuleni, vingine aliazima kwa wenziwe kazini, kimoja alikisikia kikisifiwa. Wahakiki hawakuijali orodha hii, kwa kuwa imejaa vitabu vilivyosomwa nusu, vilivyorudiwa kwa ajili ya watoto, na vilivyopendwa kwa sababu zisizotajwa darasani. Hata hivyo imechujwa kwa vipimo vikali, na vipimo hivyo hufunua katika vitabu mambo ambayo msomaji wa mezani hayaoni.

Kipimo cha kwanza ni kukatizwa. Kitabu cha mzazi huwekwa chini mara nne kwa usiku mmoja. Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, hulaumiwa kwa mwendo wake: mshitakiwa Karama asimama mbele ya mfalme, ajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, kila mjumbe hurudi na faida, akalipwa mateso. Husemwa ya kuwa ni marudio matupu. Kwa mtu asomaye kwa vipande, marudio hayo ni vituo vya safari ndefu: aweza kushuka kwa mjumbe wa pili, akakaa siku tatu, akapanda tena kwa wa tatu asipotee. Wala umbo hilo halistaajabishi kwa mtu ajuaye maisha ya mtungaji. Shaaban Robert alikuwa katika kazi ya forodha toka mwaka 1926 hata 1944, kisha akahudumu katika ofisi nyingine za serikali. Alikuwa baba wa watoto, na katika habari za maisha yake ameeleza jinsi alivyofiwa na mkewe Amina. Vitabu vyake viliandikwa na mtu ambaye mchana wake ulikwisha kuuzwa kwa mwajiri. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000 na uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, ni jambo jingine: mzazi huufungua, akausifu, akaurudisha rafuni, na hapana haja ya kumlaumu.

Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960, hushindwa na kipimo hiki, na bado hupendwa. Dalili anazozikusanya Bwana Msa husahaulika zikipita siku mbili bila kusoma, ikambidi mtu arudi nyuma kurasa kumi. Lakini ni kwa kitabu hiki mzazi huuibia usingizi saa yake. Wahakiki waliokidharau kwa kuwa ni hadithi ya upelelezi yafaa waseme ni kitabu gani walichokisifu wao ambacho kimewahi kumkesha mtu aliyechoka.

Kipimo cha pili ni sauti. Mzazi hana wakati wake peke yake, basi husoma kwa sauti ili nusu saa moja itumike mara mbili. Hekaya za Abunuwasi hazina shida: mtoto acheka, na mambo yameisha. Utendi wa Mwana Kupona una shida, na shida hiyo ndiyo thamani yake. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 hali ni mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Utungo waanza kwa kumwita mtoto asogee na wino na karatasi, kisha wamfunza dini, adabu, kauli njema, na zaidi ya yote utumishi kwa mume. Wako waliouita hazina ya mila, wako waliouita pingu ya mwanamke, na kila upande waweza kuleta beti za kuutetea. Pande zote mbili husoma kimya. Mama wa leo akiusoma mbele ya binti wa miaka kumi na miwili hawezi kufika mbali kabla hajaulizwa, kwa mfano pale binti anapoonywa asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi: watumwa gani, na nyumba hii ilikuwa na watumwa wangapi? Asipojibu, ameficha, akijibu, ameanza uhakiki. Mwana Hashima hasikiki hata mara moja katika utendi wote, naye ndiye aliyeandikiwa. Kimya chake ni jambo kubwa katika utungo, na mtu hulitambua upesi zaidi akiwa na mtoto mwingine kando asiyekubali kunyamaza. Mapenzi ya mama aliyejua kwamba hataishi kumwona bintiye akiolewa nayo husikika vizuri zaidi kwa sauti, hata na mtu asiyeyakubali mafunzo yake.

Kipimo cha tatu ndicho kizito, nacho ni umri. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, na wengi waliisoma kwa kujificha. Aliyeisoma akiwa na miaka kumi na saba alimfuata Rosa. Akirudi kwake akiwa na miaka arobaini humkuta Zakaria njiani: baba mlevi, mwenye fimbo kwa sababu ya barua ya mvulana, asiye na neno lingine la kumwambia bintiye. Wahakiki wamesema mengi juu ya malezi katika riwaya hii, na waliyoyasema ni kweli, ila wameyasema kama mahakimu. Mzazi husoma ukurasa ule akikumbuka sauti yake mwenyewe ya juzi. Ndivyo ilivyo katika Peponi pia, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Kijana humfuata Yusuf na safari zake za bara. Mzazi hubaki nyuma na yule baba aliyemtoa mtoto kwa tajiri kwa ajili ya deni, akamwacha adhani ya kuwa anakwenda na ami yake.

Kwa hivi yule asemaye ya kuwa mzazi mwenye shughuli amekwisha kuacha kusoma hajatazama vema. Lililo la kuogopwa ni jingine. Mzazi aliyeisoma Rosa Mistika kwa siri, leo huiweka juu ya kabati kwa sababu binti yake amefika miaka kumi na mitano. Hutaja matusi, hutaja mambo ya aibu, hamtaji Zakaria. Riwaya yenyewe yaonyesha binti aliyelindwa kwa hofu na kunyimwa maneno, na yaliyompata alipotoka nje ya macho ya baba. Kitabu hicho kingefaa kishuke kabatini, wakakisoma wote wawili, hata kwa kupokezana, hata kama wakifika penye barua ile hakuna atakayejua aanze kusema nini.